Upepo Usiopiga Kelele

Mzee alipiga hodi mara moja, akaingia bila kungoja kukaribishwa, kwa kuwa hata kama angekaribishwa asingesikia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Chumba cha mbele cha nyumba ya Imrani, pale Nachingwea nyuma ya mashine ya kusaga, kilikuwa kimejaa walimu wasio na kazi. Walikaa kwenye mabenchi mawili, kila mmoja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, wakingoja zamu ya kujaza maombi ya ajira mtandaoni. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Alhamisi saa kumi jioni. Kompyuta ilikuwa moja, nayo ilinguruma juu ya meza kama pikipiki inayopanda mlima na mzigo. Tunu, mke wa Imrani, ndiye aliyekuwa akichapa, na ili asikike ilimbidi apaze sauti kama anayeita mtu shambani.

"Mwaka uliomaliza chuo?"

"Elfu mbili na kumi na tisa!"

"Jina la pili la mama yako?"

Kabla dada yule, aliyeitwa Saada, hajajibu, mngurumo ulikatika. Kioo kikawa cheusi.

"Imezima," Saada alisema.

"Imepumzika," Tunu alisema, huku akijipepea kwa karatasi. "Joto la mwezi huu hata sisi tunapumzika."

"Na ukurasa wangu?"

"Tutauanza upya, mdogo wangu."

"Mara ya tatu, dada. Bora hata niende kwa Ashraf pale stendi. Mashine zake hazipumziki."

Watu wakacheka. Tunu naye akacheka, lakini shingo yake ilikuwa imeiva kwa aibu. Katika ukimya huo wa mashine ndipo mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa kitambaa, aliposema kwa sauti iliyotikisa dirisha: "Nimemfuata fundi wa sauti!"

Walimu wakacheka tena. Mzee hakujua wanachocheka. Akatabasamu pamoja nao, kwa adabu.

Imrani alitoka chini ya meza, mkononi ana bisibisi na puani ana vumbi. "Shikamoo, mzee wangu."

"Eeh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Njoo huku kushoto. La kulia limeshakufa." Alishika sikio lake kama mtu anayeonyesha jino bovu. "Naitwa Abdalah, natoka Mbekenyera. Mwalimu wetu wa madrasa kasema wewe ndiye uliyewarekodi kasida."

"Ni mimi."

Mzee Abdalah alitoa ndani ya mfuko kifurushi cha ufuta, akakiweka mezani. Kisha akatoa kitambaa, akakifungua pembe moja moja. Ndani mlikuwa na kaseti. Kibandiko chake kilikuwa kimebadilika rangi kama chai ya rangi iliyomwagika.

"Mke wangu," alisema.

---

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Mwaka wa tisini na tano Abdalah alikwenda Tunduru kuchimba vito, kama vijana wengi wa wakati ule. Mkewe, Mwamini, hakujua kuandika. Akaazima redio kaseti ya jirani, akanunua kaseti tupu, akamsemea barua. Mtu aliyekuwa akienda Tunduru akaibeba. Abdalah aliisikiliza kule machimboni mara nyingi kuliko alivyokula nyama. Sasa Mwamini alikuwa amefariki miaka kumi na miwili iliyopita.

"Mjukuu wangu alitaka kuirekodi kwa simu," mzee alisema. "Katikati akapigiwa na rafiki yake, ikakatika. Akarudisha nyuma, mkanda ukakatika nao. Tukauunga kwa gundi ya karatasi. Tangu hapo sijaugusa."

Imrani aliinua kaseti kwenye mwanga. Aliuona muungo, umekunjamana. Mkanda huu, alijua, ungekubali kuzunguka mara moja kila upande. Labda.

"Na daktari kasema la kushoto nalo linafunga mlango taratibu," mzee aliendelea. "Miezi, si miaka. Nataka uikuze sauti yake, uniwekee kwenye kitu cha masikioni. Nimsikie kabla ya kufungwa."

"Lini, mzee?"

"Alhamisi nina miadi hospitali hapa hapa. Nikitoka nipitie. Mwanangu, nauli ya kwenda na kurudi kila siku sina."

Tunu alimtazama mumewe kutoka upande wa pili wa meza. Imrani aliliona lile jicho, akalielewa, na bado akasema, "Alhamisi itakuwa tayari."

Mzee alimshika mkono, akauvuta karibu, akajaribu kunong'ona. Kunong'ona kwake kulisikika hadi barazani. "Upande wa kwanza ni wa nyumba nzima. Sikilizeni wote. Upande wa pili alikuwa anasema na mimi. Mtu asiusikilize. Wewe wala mwingine."

"Nakuahidi, mzee."

"Wala kidogo."

"Wala kidogo."

Mzee akaondoka. Saada naye alikuwa ameshaondoka, na bahasha yake.

---

"Umeahidi nini?" Tunu aliuliza walipokaa kula mchana. Alikuwa anamega ugali kama anayeuadhibu. "Wiki ya maombi, baba Huzaifa. Wiki hii ndiyo inayotulisha mpaka mwezi wa pili. Mashine haimalizi fomu moja bila kuzima, wewe unaahidi kaseti."

"Ugonjwa ni mmoja. Ni feni. Nikitibu feni, fomu zitapona na kaseti itapona."

"Kaseti na feni vinahusiana nini?"

Imrani alieleza. Redio kaseti yao ya zamani bado ilikuwa inazunguka vizuri, lakini tundu lake la waya wa masikioni lilikuwa limekufa, kwa hiyo sauti ingetoka kwenye spika na kuingia kwenye maiki iliyofungwa kwenye kompyuta. Maiki haichagui. Kasida zina dufu na watoto arobaini, mngurumo wa feni haukusikika. Sauti ya mwanamke mmoja iliyofifia kwa miaka thelathini ingezama humo kama sindano kwenye mchanga. Asubuhi hiyo hiyo alijaribu simu yake kwa kaseti nyingine: kila msemaji alipovuta pumzi, simu iliukuza mkwaruzo wa mkanda mpaka ukasikika kama mvua juu ya bati.

"Basi zima hilo feni, urekodi."

"Bila feni inazima baada ya dakika tisa. Upande mmoja ni dakika thelathini. Na kila nikibonyeza kusimamisha na kuanzisha, ule muungo unavutwa."

Bi Mwanawetu, mama yake Imrani, alikuwa amekaa mkekani, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Alikuwa mkulima wa Lionja maisha yake yote mpaka magoti yalipomleta mjini kwa mwanawe. Mbele yake kulikuwa na ungo na ule ufuta wa mzee. Alichota kidogo, akaupuliza kiganjani, akatikisa kichwa.

"Ufuta huu haukupepetwa vizuri," alisema. "Huyo mzee hana mwanamke nyumbani."

---

Jumapili mchana Imrani alifunga duka kwa saa mbili, akamimina feni zote alizokuwa nazo sakafuni. Alizichomoa miaka yote kwenye kompyuta zilizokufa. Nyingi zilikuwa na mabawa yaliyovunjika. Zilizobaki nzima zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ile ile ya kwenye mashine, ndogo, upana wa kikombe, iliyochakaa mhimili. Ya pili ilikuwa na taa za buluu na nyekundu, aliyoinunua kwa mteja aliyehamia Masasi. Ya tatu ilikuwa nene kama tofali, iliyotoka kwenye mashine kubwa ya ofisi fulani.

"Zina maandishi ya nguvu ya upepo?" Tunu aliuliza. Hasira yake ilikuwa imepoa. Tunu hakuweza kukaa mbali na jambo linalojaribiwa.

"Maandishi yamefutika. Na hata yakiwepo, yanadanganya."

"Wekeni hapa," Bi Mwanawetu alisema. "Mnataka kupima upepo, mnauliza maandishi? Leteni ufuta."

Waliketi wote watatu kando ya mkeka. Imrani aliwasha feni ya kwanza ikiwa imelala ubavu, mdomo wake ukielekea mlangoni. Bi Mwanawetu aliinua kiganja usawa wa goti, akaachia ufuta kidogo kidogo, kwa mkono ule ule uliopepeta mavuno ya miaka hamsini. Mbegu zilianguka karibu. Makapi yalipelekwa mbele kidogo, yakatua. Akapima kwa shubiri.

"Tatu. Upepo wa mgonjwa. Na kelele za mtu mzima."

Feni ya taa ilizunguka kimya kabisa. Tunu alifurahi, "Hii! Hii haisikiki!" Bi Mwanawetu akaachia ufuta. Mbegu na makapi vikaanguka pamoja, mahali pamoja, kama vimekubaliana.

"Nzuri," mama alisema. "Ya kumpambia bibi harusi."

Ya tatu ilipowashwa kuku walikimbia uani. Ilipiga mluzi mkali, na makapi yakaruka mkeka wote, yakavuka kizingiti, mbegu nazo zikafuata. Mama akafunika ungo kwa kanga yake. "Zima! Zima, unanimalizia ufuta wa watu!"

Kelele nazo wakazipima kwa njia yao. Tunu alikaa pembeni ya kila feni na gazeti la zamani, akasoma kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemsemea mumewe. Imrani akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka asipoyakamata maneno. Kwa feni ya mhimili mbovu hatua tatu. Kwa ya taa, alifika uani na bado akasikia bei ya korosho ya mwaka juzi. Kwa ya tatu hakusikia hata akiwa amekaa mbele yake.

Imrani alikaa chini. "Yenye upepo ina kelele. Isiyo na kelele haina upepo. Ndivyo zilivyo."

"Ndivyo zilivyo ndogo," Bi Mwanawetu alisema.

"Mama?"

"Ungo mdogo unautikisa haraka haraka, mikono inauma, makelele shwa-shwa-shwa, na makapi hayatoki. Ungo mkubwa unaupeleka polepole. Mara moja tu, fuu. Makapi yote yamekwenda." Aliusukuma ungo hewani, taratibu. "Hizi zako zote ni vikombe. Tafuta pana. Uiendeshe polepole."

Imrani alimtazama mama yake kwa muda. Chuoni alisomeshwa jambo hilo hilo kwa hesabu ya mistari minne, akalifaulu, akalisahau.

---

Feni pana alikuwa nayo Saturnini, Ruangwa. Walisoma ufundi pamoja, wakakaa dawati moja. Imrani alipanda gari la alfajiri Jumatatu, na saa tatu alikuwa amesimama kwenye duka la Saturnini, lenye vioo na kiyoyozi na wateja wanne.

"Oya, mwamba! Nachingwea imehamia huku?" Saturnini alimkumbatia, kisha akamsikiliza, kisha akapasuka kicheko. "Feni! Jamani, msikieni kaka yangu. Kapanda gari kutoka Nachingwea kufuata feni. Watu wananunua laptop, huyu anafuata feni."

Wateja walicheka kwa adabu.

"Ile pana uliyoichomoa kwenye kasha la kompyuta ya michezo," Imrani alisema. "Upana wa sahani ya pilau. Unayo?"

"Ninayo. Ila naipenda."

"Bei gani?"

"Elfu kumi na tano, na maneno." Saturnini aliegemea kaunta, macho yanameta. "Waambie hawa wateja wangu: chuoni, mtihani wa mwisho, nani alikuwa wa kwanza?"

Imrani alijua. Saturnini pia alijua. Ukweli ni kwamba alikuwa Imrani. Saturnini alikuwa wa pili, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni miaka tisa, pamoja na vioo vyote hivi. Imrani aliona mteja mmoja, mama wa makamo, akimtazama kandambili zake zilizofungwa kwa waya.

"Wewe," alisema. "Ulikuwa wa kwanza."

Saturnini akajiinua kutoka kwenye kaunta. Pengine hakutegemea kulipwa haraka hivyo. Akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na feni imefungwa kwenye gazeti. Alipopokea noti, akarudisha elfu tano bila kumtazama. "Ya nauli. Salimia mama."

---

Jumanne feni iligoma. Imrani aliifunga kwa waya mwekundu wa umeme mdogo badala ya wa njano, ili izunguke polepole, nayo ikakaa tu, inatetemeka. Tunu akaisukuma bawa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemwamsha mtoto wa shule. Ikaanza. Ikaendelea. Imrani alitoa ubavu wa kasha la kompyuta, akaitundika kwa kamba za viatu ili isigonge bati. Bi Mwanawetu akaachia ufuta mara ya mwisho: makapi shubiri saba, mbegu zimebaki nyumbani. Tunu akasoma gazeti, Imrani akarudi nyuma hadi uani, akasikia kila neno.

Siku nzima kompyuta haikuzima hata mara moja. Walimu walijaza fomu na kutoka. Mmoja alimwuliza Tunu kwa wasiwasi, "Imewaka kweli?"

Jumatano, saa nane mchana, walirekodi upande wa kwanza. Saa nane ndiyo saa pekee ambayo mashine ya kusaga ilinyamaza, mwenyewe akienda kula na kulala. Ndiyo saa ya joto kuliko zote pia. Kwa dakika arobaini hivi mtaa ulitulia; hata jogoo walikaa kwenye kivuli, midomo wazi.

Imrani aliongeza sauti ya redio hadi mwisho, akaweka maiki mbele ya spika, akabonyeza. Mkwaruzo. Kisha kikohozi kidogo cha mwanamke anayejiandaa. Kisha Mwamini akaanza, kwa Kimwera, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha watu.

Alimsalimia mumewe. Alimsalimia kwa niaba ya kila mtu wa mtaa, mmoja mmoja, na mbuzi. Mikorosho ya bondeni imetoa maua, ya juu bado. Mtoto ameng'oka jino, amelitupa juu ya paa. Nyasi za paa zimeisha, lakini usitume hela, tutakata nyingine. Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anatwanga, wanawake wawili, michi ikipokezana, na mahali fulani mtoto aliyeng'oka jino aliuliza kama baba anasikia sasa hivi.

Bi Mwanawetu aliziba mdomo kwa kanga. Hakulia mpaka mkanda ulipofika mwisho, kwa sababu ya maiki.

"Ile michi," alisema baadaye. "Kumbe nilikuwa nimeisahau. Siku hizi ni mashine tu."

Imrani alikuwa anakunja nyaya, mgongo amewapa. "Mama. Ile kaseti ya baba."

"Ipi?"

"Aliyokutumia kutoka Mtwara. Niliziba vile vitundu vinavyozuia kurekodi kwa karatasi, nikarekodi mpira juu yake."

Tunu aliacha anachofanya. Jambo hili lilikuwa halijawahi kutajwa ndani ya nyumba ile.

"Ulikuwa na miaka tisa," Bi Mwanawetu alisema.

"Ulijua?"

"Nilibonyeza nimsikie baba yako, nikasikia goli." Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Nililisikiliza lote lile gemu. Nilidhani labda akipumzika mtangazaji, mume wangu atachungulia."

Imrani aliweka nyaya chini. Mama akamnyooshea mkono ili amsaidie kusimama, na alipokwisha kusimama hakuuachia upesi.

---

Alhamisi asubuhi walimu walifurika. Saada alirudi. Kwa Ashraf, alisema bila kumtazama Tunu usoni, foleni ilikuwa hadi barabarani. Saa saba na nusu kompyuta ilikuwa haijapumzika tangu alfajiri, na watu sita walikuwa bado kwenye benchi.

"Baba Huzaifa, dirisha ni saa kumi," Tunu alimnong'oneza. "Rekodi kesho."

"Mzee anakuja leo. Nauli ya kesho hana."

"Dakika thelathini ni fomu mbili. Na wakikuona umewafukuza, hata wengine hawatarudi."

"Najua."

Tunu alimtazama. Kisha akageukia benchi. "Samahanini, ndugu zangu. Tunafunga hadi saa tisa kasoro. Wanaoweza kungoja, wangoje barabarani, hapa barazani tafadhali pasiwe na mtu. Wasioweza, Ashraf yupo."

Manung'uniko yakaanza. Mmoja akasema hii ndiyo sababu watu wa Nachingwea hawaendelei. Wanne wakaenda stendi. Saada na kijana mmoja wakabaki, wamekasirika.

Saa nane ikafika. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Imrani aligeuza kaseti, akakagua feni, akabonyeza, akatoka kabla mkwaruzo haujaisha, akavuta mlango. Walikuwa wamepanga kukaa barazani, yeye, mkewe na mama yake, penye kivuli, karibu. Mashine ikianza kuungua angenusa.

Hawakuwa wamekaa vizuri waliposikia Mwamini akisema jina la mumewe.

Lilipita mlango na dirisha, waziwazi. Hakukuwa na mngurumo wa kulifunika. Feni ya zamani ingewaficha, lakini hii waliyoitafuta hadi Ruangwa ilikuwa inafanya kazi yake bila kutia neno. Redio ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Sauti ya Mwamini ilikuwa tofauti na ya jana. Ilikuwa imeshuka, imekaribia.

Imrani alimtazama mama yake. Bi Mwanawetu alikuwa ameinua kichwa, macho ameyafumba, uso wake wote umeelekea mlangoni. Neno la pili lilikuja. Hawangeweza kuimba wala kuzungumza ili kulifunika, maiki ingewachukua. Hawangeweza kupunguza sauti, mlango ungelia.

Imrani alisimama. Bila kusema kitu alimshika mama yake mkono. Mama alifumbua macho, akakaa kidogo, kidogo tu, kisha akaanza kuyainua magoti yake. Tunu akamshika upande wa pili. Walishuka ngazi moja, wakavuka uwanja kwa mwendo wa magoti yale, kandambili mkononi ili zisilie. Nusu ya uwanja bado walisikia kama sauti, si kama maneno. Hawakusimama mpaka walipofika barabarani, na barabarani hakukuwa na mti.

"Mashine ikizima?" Tunu alinong'ona.

"Ikizima, imezima."

"Na huo mkanda hauzunguki tena."

"Najua, mama Huzaifa."

Jua lilikuwa juu ya utosi. Saada, aliyekuwa akingoja mbele kidogo barabarani, aliwakuta wamejipanga hapo, akasahau hasira. "Dada, kuna nini ndani?" Tunu akaweka kidole mdomoni. Bi Mwanawetu alijifunika kanga kichwani, akakalia jiwe la mpaka, jasho likimtiririka shingoni. Imrani alitazama simu. Dakika kumi na moja. Dakika kumi na nne. Hakuna moshi dirishani.

Dakika ya kumi na tisa Mzee Abdalah alitokea upande wa hospitali, anatembea upesi, karatasi za dawa mkononi. Alipowaona watu wazima wamesimama juani mbele ya nyumba yao wenyewe, alipunguza mwendo, akavua kofia.

"Kuna msiba?" aliuliza, kwa sauti yake yote.

Wote walimnyooshea mikono anyamaze. Imrani alimwendea upande wa kushoto, akaweka mdomo karibu na sikio.

"Hapana, mzee. Ni mkeo anaongea. Tumempisha."

Mzee alitazama mlango uliofungwa. Aligeuza sikio lake zuri kuelekea nyumba, akangoja. Hakusikia chochote, na hakuna aliyemwambia kama kuna cha kusikia. Kifua chake kilianza kutaka kukohoa. Akajiziba kwa kofia, akakohoa ndani ya kofia, machozi yakamtoka. Kisha akaja, akasimama kwenye mstari pamoja nao.

---

Mashine haikuwa imezima. Mkanda ulikuwa umefika mwisho wake na kukaa. Kwenye kioo mstari wa sauti ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na vilima vyake vidogo vidogo. Katikati palikuwa na kilima kimoja kirefu, kikali, pengine muungo ukipita, pengine neno. Fundi mwingine angevaa hedifoni, akasikiliza hapo, akasafisha. Imrani alihifadhi kazi ilivyo; kwa mashine ile, kuhifadhi peke yake kulikula dakika ishirini.

"Sijaisikiliza, mzee. Mwanzoni jina lako lilitufikia, na neno moja. Tukaondoka," alisema. "Sijui imetokaje. Kama ina kasoro, sitajua."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Imrani alimkalisha, akamvalisha hedifoni, akaongeza sauti hadi palipokuwa na mwisho wa kuongeza. Kwenye saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro tano. Saada alikuwa mlangoni na bahasha yake, na kijana nyuma yake, na wengine wawili waliorudi kutoka stendi.

"Kaka, sasa?"

Kompyuta ilikuwa hiyo moja, na sauti ya simu isingelifikia sikio lile.

Imrani alibonyeza, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. "Nusu saa tu," aliwaambia. "Samahanini. Nusu saa."

"Itakuwa saa tisa na nusu!" Saada alisema. "Mtandao ukigoma?"

"Wewe utakuwa wa kwanza. Ukigoma, nitakutafutia mwenyewe kwa Ashraf."

Ndani kulikuwa kimya kwa muda mrefu. Kisha wakamsikia mzee, kwa sauti ya mtu asiyejua anavyosikika, akiitika kwa Kimwera. Akanyamaza, kama anayesikiliza. Akacheka. Akaitika tena.

Saada aliyekuwa amefungua mdomo aliufumba.

"Twendeni," Imrani alisema. Akamshika mama yake mkono, na wote, pamoja na walimu, wakarudi tena barabarani juani.